Mizani na Baraza: Tarehe ya Biashara Kati ya Shinyanga na Geita

Mwaka 1923 Tanganyika haikuwa na bunge. Gavana Horace Byatt na maofisa wake wakikubaliana Dar es Salaam, sheria imepita. Mwaka huo walitoa sheria za leseni za biashara, za wachuuzi na za kodi ya faida, na ndani yake wakaweka sharti kuhusu lugha ya daftari za hesabu. Kiingereza na Kiswahili vilikubaliwa, Kigujarati kikaachwa nje. Wenye maduka wa Kihindi wakafunga milango. Mgomo huo, ambao wenyewe waliuita hartal kwa kufuata njia ya Gandhi huko India, ulidumu zaidi ya mwezi mmoja, na kodi ya faida iliyouzusha ikaja kufutwa kabla muongo ule haujaisha.

Shinyanga ya wakati huo ilikuwa boma na maduka machache, reli ya kutoka Tabora haijafika. Maofisa waliwaita wenye maduka hayo "Wahindi" na kuishia hapo, lakini wao kwa wao walijua nani ni nani. Kulikuwa na Khoja wa Ismailia waliomfuata Aga Khan, na Khoja wa Ithnaasheri waliojitenga nao. Kulikuwa na Bohora, Banyani wa Kihindu, na Singasinga waliojulikana zaidi kwa ufundi kuliko kwa duka. Kila jamaa na nyumba yake ya ibada, wazee wake na mfuko wake wa kusaidiana. Hilo halikuwa jambo la sala peke yake. Tajiri wa Mwanza alimpa mtu wa jamaa yake wa Shinyanga mali kauli, yaani bidhaa za kulipia baadaye, kwa sababu walikutana katika ibada ile ile na aibu ya kutolipa ingemfika mdaiwa mbele ya ndugu zake wote. Imani ilikuwa dhamana, na ukiigusa leseni ya mmoja umeugusa mnyororo mzima.

Uingereza iliyotuletea sheria hizo ilikwisha kuyapitia hayo nyumbani kwake. Katika karne ya 17 Bunge la London liliwafungia wasio wa kanisa la serikali milango ya vyeo, likaharamisha mikutano yao ya ibada mwaka 1664. Mfalme Charles II alipotaka kuwalegezea mwaka 1672, Bunge lilimlazimisha kurudi nyuma mwaka uliofuata, likapitisha sheria ya kiapo kwa kila mwenye cheo. Marafiki, ambao Kenya Magharibi wanajulikana pia kama Waquaker, walikuwa miongoni mwa waliobanwa, na wengi wao wakaona njia iliyobaki ni biashara. Na ulipojadiliwa mwaka 1655 uwezekano wa kuwarudisha Wayahudi nchini, mahubiri ya makasisi dhidi yao yaliungwa mkono na wafanyabiashara wa London walioogopa ushindani. Ukisoma habari hizo ukiwa Shinyanga, huoni ugeni wowote.

Sheria nyingine ya mwaka 1923 haikuleta mgomo, nayo kwa maoni yangu ndiyo iliyoumiza zaidi. Ilizuia Mwafrika kukopeshwa bila kibali cha maandishi cha ofisa wa serikali, na mwaka 1931 ikapangwa upya ikaendelea. Watunzi wake walisema inamkinga mwenyeji na madeni. Matokeo yake ni kwamba Msukuma mwenye akili ya biashara hakuweza kupata mali kauli kwa njia halali, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, kwa kuwa anayemkopesha asingeweza kumdai mahakamani. Duka likabaki la Mhindi, kisha Mhindi akalaumiwa kwa kulihodhi. Mwenye duka aliyekopesha kwa siri naye alitafuta pa kufidia hatari yake, na pa kufidia palikuwa pawili tu, bei ya shuka na jiwe la mizani.

Baraza la Kutunga Sheria lilifunguliwa mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron. Mbali na maofisa, wajumbe walikuwa Wazungu watano na Waasia wawili, Waafrika hakuna. Maofisa walisema wao wenyewe wangewasemea wenyeji. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba, buluba kwa Kisukuma, ikaanza kushuka kwa mabehewa. Serikali ikapanga nani apewe leseni ya kinu cha kuchambua, vituo vya kununulia viwe wapi, na nani asiruhusiwe kununua. Vinu vingi vilikuwa vya Wahindi. Kwa karibu miaka 20 mjumbe wa Kiasia aliweza kusimama barazani kuitetea leseni yake, Mzungu akatetea shamba lake, na mkulima aliyeibeba pamba kichwani kutoka ndani ya Usukuma akabaki anatajwa na watu wasiokula alichokula.

Pengo hilo lilianza kuzibwa kutokea Shinyanga yenyewe. Mwaka 1945 Waafrika wawili wa kwanza waliteuliwa kuingia barazani, Mangi Abdiel Shangali wa Machame na Mtemi Kidaha Makwaia wa Busiya. Kidaha alikuwa kijana aliyesoma Makerere, na Waingereza walimtegemea kama mtu wao. Ukimpima kwa siasa za baadaye utasema hakufika mbali. Lakini aliketi katika tume ya kifalme ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1953 hadi 1955, na ripoti ya tume hiyo ilisema wazi kwamba vizuizi vya biashara na vya mikopo vilivyofuata rangi ya mtu vilikuwa vinazidumaza nchi hizi. Sahihi ya mtemi wa Usukuma imo chini ya hukumu hiyo.

Upande wa pili wa tarehe hii uko Mwadui. John Williamson aligundua almasi hapo mwaka 1940, na mwenzake aliyemsaidia kwa fedha na sheria alikuwa Iqbal Chopra, wakili wa Mwanza mwenye asili ya Punjab, ambaye pia aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria. Mgodi uliposhika kasi, Williamson aligombana na umoja wa wauza almasi duniani uliotaka kumpangia kiasi cha kuuza, akazuia mawe yake yasiende sokoni hadi walipoelewana. Basi hata tajiri wa Kizungu wa Mwadui alionja vizuizi, ila yeye alikuwa na almasi za kungojea nazo. Katika ofisi za mgodi huo huo, kuanzia mwaka 1945, alifanya kazi karani kijana, mtoto wa mhubiri wa Wasabato, jina lake Paul Bomani.

Wasabato walikuwa wachache hata miongoni mwa Wakristo wa kanda ya ziwa, ambako Wakatoliki na waumini wa Africa Inland walikuwa wengi zaidi, na wasiofuata dini za kuja wengi kuliko wote. Simwoni Bomani kama mtu aliyesukumwa na dhehebu lake. Ila mtoto aliyekulia katika kundi dogo linalotunza vitabu vyake vya michango huzoea mapema nguvu ya hesabu iliyo wazi. Aliondoka Mwadui mwaka 1947, akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika Mwanza, kisha akazunguka vijijini akiwaeleza wakulima jambo moja, mizani.

Malalamiko yalikuwa ya zamani. Karani wa mnunuzi anapima, mkulima hasomi namba, ratili zinapotea. Wakulima wakaanza kuchanga fedha na kuweka mpimaji wao, asimame na mizani yake pembeni ya kituo. Hawakupeleka hoja barazani wala kuomba mnunuzi afukuzwe. Walitaka ratili zao, na tofauti ilipoonekana mbele ya watu, mnunuzi alilipa. Kwa maoni yangu hakuna sheria ya biashara iliyotungwa Dar es Salaam kwa miaka 30 iliyofanya kazi safi kuliko yule mpimaji wa kuchangiwa.

Kutoka hapo vyama vya msingi vikazaliwa, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, Bomani akiwa meneja mkuu. Mwaka 1956 muungano ukafungua kinu chake cha kwanza Kasamwa, wilaya ya Geita. Kufikia mwaka 1959 pamba ya kanda ilikuwa inapitia mikononi mwake. Wenye vinu wa Kihindi walianza kwa kukataa, kisha wakachambua pamba ya ushirika kwa malipo, na mwishowe baadhi wakauza vinu vyao. Mabadiliko makubwa namna hiyo yalipita bila duka kuvunjwa.

Geita ilikuwa na mgodi wa dhahabu uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na kwa hiyo ilikuwa na Wazungu wachache na wenye maduka wachache. Serikali ikaona hapo ndipo mahali pa kujaribia halmashauri ya wilaya ya mataifa yote, kila rangi na viti vyake. Watu wakakataa. Walichukia pia masharti ya ng'ombe na ya mashamba, na chama cha TANU kilikuwa kimepigwa marufuku Usukuma tangu mwaka 1954, hivyo hasira haikuwa na mlango. Mwaka 1958 mamia wakatoka Geita hadi Mwanza, wakapiga kambi kudai wasikilizwe, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Mpango ule ulikufa. Nasikitika kwamba wenye maduka, ambao hawakuuomba, waliachiwa harufu yake, maana serikali ikimpa mchache kiti asichochaguliwa, humwekea na deni.

Deni hilo lilidaiwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge lilipojadili muswada wa uraia. Wabunge kadhaa wa TANU walitaka uraia uwe wa Waafrika, na hoja zao zilirudi tena na tena kwenye duka na leseni. Nyerere alisimama akawajibu kwa ukali ambao haukusikika mara nyingi, akawafananisha na Hitler kwa kuitukuza rangi, na akasema serikali yake ingejiuzulu kama msingi wa usawa ungekataliwa. Muswada ukapita. Amir Jamal, Mwismailia ambaye sehemu ya utoto wake ilipita Mwanza, akawa mmoja wa mawaziri wa fedha waliotumikia nchi hii kwa muda mrefu. Bomani naye alishika wizara hiyo kabla yake.

Miaka iliyofuata inajulikana, nitaipita haraka. Benki na makampuni makubwa ya biashara yakataifishwa Februari 1967, na Victoria Federation ikageuzwa kuwa chama kikuu cha ushirika cha Nyanza baada ya uchunguzi wa serikali. Aprili 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Haikutaja rangi wala dini, lakini kila mtu aliyepita mtaa wa maduka alijua nyumba za nani zingeandikwa, na familia nyingi zikafunga mizigo kwenda Canada na Uingereza. Wapo walioshangilia.

Miaka mitano tu baadaye, 1976, Operesheni Maduka ikafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya ushirika wa kijiji, na safari hii mwenye duka alikuwa Msukuma, mtoto wa mkulima aliyechangia mpimaji. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Mwaka 1983 Bunge likapitisha sheria ya wahujumu uchumi baada ya kamatakamata kwisha kuanza, washtakiwa wakanyimwa dhamana na mawakili, na Mhindi wa mjini akaketi rumande ile ile na mwenye kioski. Sheria iliyozoea kumbana asiye na wa kumsemea haikuchagua kabila ilipokwisha kukomaa.

Pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, na malalamiko ya mizani yakarudi kana kwamba hayajawahi kuondoka. Wakati huo macho yalikuwa yameshahamia kwenye dhahabu. Bulyanhulu, Buzwagi na Geita zikawa majina ya bungeni. Mwaka 2007 mbunge Zitto Kabwe alisimamishwa kuhudhuria vikao kwa hoja yake juu ya mkataba wa Buzwagi, na tume iliyoundwa baadaye mwaka huo kupitia sekta ya madini iliongozwa na Jaji Mark Bomani, mdogo wake Paul. Ndugu mmoja alihangaika na ratili za pamba, mwingine akaachiwa wakia za dhahabu. Machi 2017 serikali ikazuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, kusafirishwa nje, makontena 277 yakakwama bandarini, na Julai mwaka huo Bunge likabadili sheria.

Kwa mchimbaji mdogo, anayeshuka kwenye duara na kusagisha mawe kwenye karasha, jambo kubwa lilikuja mwaka 2019. Bunge lilimwondolea kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio, na Machi mwaka huo Geita ikafunguliwa soko la madini, ambamo mnunuzi mwenye leseni na muuzaji wanakutana mbele ya ofisa na mizani ya serikali. Kuuza nje ya mfumo huo ni kosa. Ni kizuizi, kama vilivyokuwa vituo vya pamba, na nakiona bora kuliko vingi vilivyotangulia kwa sababu kinamwangalia aliyeshika dhahabu bila kuuliza anasali wapi.

Kwa wasomaji wa Shinyanga, Kahama na Geita, nina ombi. Daftari za vyama vya msingi vya miaka ya 1950, stakabadhi za vinu, na vitabu vya mali kauli vya Kigujarati vilivyoachwa na waliohama bado vimo katika maboksi ya watu. Msivitupe. Vipelekeni kwenye nyaraka za taifa kanda ya ziwa au kwa mwalimu wa historia aliye karibu, na wenye kusoma Kigujarati waliobaki Mwanza waombwe kuvisoma wangali hai.