Waliokuja Kutazama Milima ya Umatengo

Katika hifadhi ya mimea mikavu ya Kew, jijini London, zimo karatasi nyingi zilizoandikwa "Songea" na, chini yake, "vilima vya Matengo". Waliozijaza ni Waingereza wawili, Edgar Milne-Redhead na Peter Taylor, waliozunguka nchi hii mwaka 1955 na 1956. Siku hizo Mbinga, nyumbani kwa Wamatengo, haikuwa wilaya. Kuanzia Songea mjini hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa yote ilihesabiwa kuwa Songea. Walipita majira ya mvua, maana hapo ndipo kilima kinapofunguka: gladiola za rangi ya moto kwenye majani marefu, okidi kwenye mabonde yenye maji, protea kwenye miinuko. Ua likishakauka hupoteza rangi, kwa hiyo mchumaji aliye makini huandika palepale rangi yake, kimo cha mmea, aina ya udongo na urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Karatasi za hao wawili zinasifika kwa umakini huo.

Milne-Redhead alikuwa mmoja wa wahariri walioanzisha kazi kubwa ya kuorodhesha mimea yote ya Tanzania, Kenya na Uganda. Sehemu za kwanza zilichapishwa mwaka 1952, na ya mwisho ikatoka mwaka 2012. Miaka 60 ya kazi, mimea zaidi ya aina 12,000. Vilima vya Matengo vimo humo kurasa kwa kurasa. Hata kabla yao, mwanzoni mwa mwaka 1936, Hans Zerny wa jumba la makumbusho la Vienna alikuwa Ugano, juu katika nchi ya kahawa, akikusanya nondo na mimea.

Nataja majina haya kwa heshima, maana kazi yao ni ya thamani. Lakini historia yake inasema jambo moja linalonikera: kwa miaka mingi watu wametoka mbali kuja kutazama kinachoota Umatengo, na wenyeji ndio walioalikwa mara chache zaidi kufanya safari hiyo.

Kitu cha kwanza cha kutazamwa hapa hakikupandwa na mgeni. Katikati ya karne ya 19 Wangoni walipotamalaki Songea, Wamatengo walisukumwa wakabanana kwenye miteremko mikali, mahali ambapo adui hafiki kwa urahisi na mvua hainyeshi kwa huruma. Kulima huko kwa matuta ya kawaida ni kuupeleka udongo mtoni. Jibu lao likawa ngoro, yale mashimo ambayo kwa mbali huufanya mlima mzima uonekane umetandazwa wavu.

Tuisogelee kazi yenyewe. Mwezi wa tatu, mvua zikielekea mwisho, wanaume hufyeka majani na kuyaacha yanyauke. Kisha huyapanga kwa mistari, mingine ikifuata mlima, mingine ikiukata, mpaka shamba lote ligawanyike miraba ya mita moja na nusu hivi kila upande. Wanawake ndio huingia na majembe. Huchimba katikati ya kila mraba na kuufukia mstari wa majani kwa udongo huo, hadi shimo lizungukwe na matuta pande zote nne. Maharage hupandwa juu ya matuta, na majani yaliyofukiwa huoza chini yake. Mvua ikija, maji husimama ndani ya shimo badala ya kuporomoka, na udongo uliochukuliwa hutua palepale. Msimu unaofuata ni zamu ya mahindi, na magugu yanayong'olewa hutupwa shimoni yageuke mbolea. Ardhi yenyewe imegawanywa kwa ntambo, yaani mgongo wa mlima kati ya vijito viwili unaoshikwa na ukoo.

Mwaka 1938 ofisa wa kikoloni, A. H. Pike, aliandika makala juu ya ustadi huo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Miaka iliyofuata, sehemu kadhaa za nchi wakulima walilazimishwa kuchimba makingamaji wasiyoyataka. Huku mtaalamu alikuja akakuta somo limeshafundishwa. Baadaye, kuanzia miaka ya 1990, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro na wenzao wa Kyoto, Japani, walikaa vijijini kama Kindimba wakipima ngoro, misitu na maji.

Wamisionari nao walileta bustani ya namna yao. Wabenediktini walifungua Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, na kila misheni ilikuwa na shamba la mboga na miti ya matunda kando ya kanisa, kwa sababu padre aliyekaa mbali na bandari alikula alichopanda. Peramiho ilichomwa moto katika vita vya Majimaji mwaka 1905, ikajengwa upya. Upande wa ziwa walikuwa Waanglikana, na mmoja wao, William Percival Johnson, alitumia karibu maisha yake yote ya utu uzima katika pwani hii hadi alipofariki Liuli mwaka 1928. Katika miaka ya 1920 kahawa ikapanda milimani, na ndiyo iliyoubadilisha uso wa Mbinga kuliko bustani zote za misheni.

Siku hizi safari ya pamoja ya kutazama mimea inayofahamika na wengi ni ya maonesho ya wakulima ya Nane Nane. Wakulima hupanda basi kwenda viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, wakapite kwenye vipando vya taasisi na kampuni za mbegu. Si jambo baya. Mtu hurudi na mbegu na mawazo. Lakini mwezi wa nane ni kiangazi. Vipando vimemwagiliwa ili vipendeze, na milimani nyumbani nyasi zimekauka. Tena ngoro haina maana penye uwanja wa tambarare. Inataka mteremko, na inataka mvua inyeshe mtu akiwa amesimama pale anatazama maji yanavyotulia shimoni.

Kwa maua ya porini, mfano tunao jirani. Uwanda wa juu wa Kitulo, katika mikoa ya Njombe na Mbeya, ulitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Una zaidi ya kilometa za mraba 400 kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, na aina 45 za okidi za ardhini. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Maua yake huanza Desemba hadi Aprili, majira yaleyale ya Umatengo.

Kitulo haikulindwa kwa sababu ya uzuri peke yake. Okidi hizo huhifadhi chakula katika viazi viwili chini ya ardhi: kimoja cha zamani kinachonyauka, kingine kichanga kinachosubiri mwaka ujao. Mchimbaji anapoondoa hicho kichanga, mwaka ujao ua halipo. Viazi hivyo husafirishwa kwenda Zambia, hutwangwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chikanda, kitoweo kinachokatwa vipande kama mkate. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikadiriwa kwamba viazi hadi milioni 4 kwa mwaka vilikuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini. Mchimbaji ana shida ya fedha, simlaumu. Ila mabonde yakishachimbuliwa, hakuna atakayejua kilichopotea kama hakuwahi kukiona kikiwa kimechanua.

Ndiyo maana nasema tutembee sasa. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay ina lami. Kwa siku moja kikundi kinaweza kuanza asubuhi kwenye mashimo ya ngoro, kikapita mashamba ya kahawa na mapori ya miombo, kikashuka hadi ufukweni Nyasa, takriban mita 470 juu ya usawa wa bahari, mahali pa muhogo, mpunga na miembe. Ni sehemu chache za nchi zenye tofauti kubwa namna hiyo katika mwendo mfupi hivyo.

Vikundi havikosekani: vya akina mama wanaolima mboga, vya kuweka na kukopa, jumuiya za parokia, klabu za mazingira mashuleni. Mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kikundi, panga safari ya mwezi wa pili au wa tatu. Chukueni daftari, mwandike rangi ya kila ua na jina lake la Kimatengo au la Kinyasa kabla wazee wanaoyajua hawajaondoka. Msing'oe kitu. Na mwenyeji wa siku hiyo awe mama anayechimba ngoro, mumlipe kama mnavyomlipa mtaalamu mwingine yeyote.