Kila Mtu na Pengo Lake

Baridi ya Ufipa haijambo, upepo unavuma kama kawaida yake, na mimi leo nimeamua kuingia kwenye historia ya ulinzi. Sizungumzii ulinzi wa geti na kirungu. Nazungumzia ule wa kupanga watu mstari mmoja ili adui, au mpinzani, asipite.

Nianze na jambo la hapa nyumbani. Tarehe 22 Oktoba 2020, kwenye Uwanja wa Nelson Mandela hapa Sumbawanga, Tanzania Prisons iliifunga Simba bao 1-0. Bao la Samson Mbangula, mapema kipindi cha pili. Simba wakati huo ndio bingwa mtetezi, ametwaa ubingwa misimu mitatu mfululizo, na msimu ule ule aliupata tena wa nne. Prisons ni timu ya Jeshi la Magereza, kwao Mbeya, ambayo msimu huo ilikuwa inatumia uwanja wetu. Baada ya bao lile kilichobaki kilikuwa kazi moja tu, kulinda. Wakalinda hadi filimbi ya mwisho.

Kila timu ndogo inapofanya kitu kama hicho, mtaani utasikia neno moja: "wamepaki basi". Neno hilo lina dharau ndani yake. Linamaanisha kulinda ni woga, ni kazi ya asiyejua mpira. Mimi nakataa. Na ili nieleze kwa nini nakataa, naomba niwapeleke kwenye mchezo ambao wengi wetu tunaujua kwenye sinema tu, futiboli ya Kimarekani. Usikimbie, ndugu msomaji. Mbele ya safari tutakutana na Waganda, na hata na Wangoni waliopita hapa hapa Ufipa.

Mchezo wenyewe kwa kifupi. Kila upande una watu 11. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani kama mita 9. Ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa inaupoteza mpira. Kabla ya kila jaribio watu wote wanasimama, wanajipanga, halafu ndipo mpira unaanza. Kwa hiyo kila mara ulinzi una sekunde chache za kujiuliza swali moja: nani anasimama wapi?

Sasa angalia. Mbele ya timu inayoshambulia kuna mabonge matano yamejipanga bega kwa bega. Kati ya mmoja na mwingine kuna nafasi. Makocha wamezipa nafasi hizo herufi. Lile pengo lililo ubavuni mwa mtu wa katikati ni A, linalofuata ni B, la nje ni C, na yapo pande zote mbili, kulia na kushoto. Mkimbiaji mwenye mpira lazima apite kwenye mojawapo. Kazi ya ulinzi ni kuhakikisha kila pengo lina mwenyewe. Wewe pengo lako ni B? Basi kaa na B yako. Hata ukiona mpira unakimbilia upande wa pili, usiondoke haraka, kwa sababu mara nyingi ule ni mtego. Ukiondoka, mkimbiaji anageuka na kupita pale pale ulipotoka. Mtu mmoja akihama, kazi ya wenzake kumi imekwisha.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani mchezo huo ulikuwa ni kusukumana tu, mafungu mawili ya watu yanagongana. Mwaka 1905 vifo vya wachezaji vilikuwa vingi hadi Rais Theodore Roosevelt akawaita wakubwa wa vyuo kuzungumza nao. Mwaka uliofuata, 1906, sheria ikaruhusu kuutupa mpira mbele. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuwauma walinzi. Ukiwajaza watu wote mbele kuzuia wakimbiaji, mpira unaruka juu ya vichwa vyenu. Ukiwapeleka nyuma kungoja mpira wa juu, mkimbiaji anapita katikati kama maji.

Miaka ya 1950 ndipo jibu la maana lilipopatikana, na lilipatikana New York. Mwaka 1950 kocha wa New York Giants, Steve Owen, alikutana na Cleveland Browns, timu iliyokuwa hatari kwa kutupa mpira. Akapanga watu sita mbele, mmoja nyuma yao, na wanne nyuma kabisa waliotandazwa kama mwavuli. Ndivyo ulivyoitwa hasa, mwavuli. Watu wa pembeni kwenye ule mstari wa sita waliweza kurudi nyuma ghafla kusaidia. Browns wakalala 6-0 bila kupata hata pointi moja. Mmoja wa walinzi wa Giants siku hizo alikuwa kijana anaitwa Tom Landry, aliyekuwa rubani wa ndege za mabomu kwenye Vita ya Pili ya Dunia.

Landry baadaye akawa kocha wa ulinzi wa timu hiyo hiyo. Mwaka 1956 akaukamilisha mpango ambao hadi leo kila kocha anaujua: wanne mbele, watatu nyuma yao, wanne nyuma kabisa. Mtu wa katikati ya wale watatu, Sam Huff, ndiye akawa jicho la timu. Mwaka huo Giants walitwaa ubingwa kwa kuifunga Chicago Bears 47-7. Wazo la Landry lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulifanya. Mlinzi asifukuze mpira. Alinde kwanza eneo lake, halafu ndipo aufuate mpira. Hebu fikiria inavyokuwa kwa kijana wa miaka 23 mwenye nguvu na kiu ya kuonekana, unamwambia asimame tu pale. Maumbile yote ya mwanadamu yanamwambia kimbia.

Hapa turudi Ufipa kidogo. Hao wa New York hawakuwa wa kwanza kujua umuhimu wa kila mtu kusimama mahali pake. Miaka ya 1840 walifika kwenye uwanda wetu huu watu waliokuwa na mpango wa vita mkali kuliko wowote uliokuwa umeonekana huku. Ni Wangoni wa Zwangendaba. Walikuwa wametoka kusini kabisa, baada ya Wandwandwe kupigwa na Shaka mnamo 1819 au 1820, na walivuka mto Zambezi tarehe 20 Novemba 1835, siku ambayo jua lilipatwa. Vita yao ilipangwa kama ng'ombe. Kifua kinamkabili adui katikati, pembe mbili zinazunguka kulia na kushoto, na nyuma kuna akiba inayongoja kuitwa. Ukimweleza kocha wa Kimarekani atakuelewa mara moja, kwa sababu hata kwake wale wa pembeni kabisa kazi yao ni ile ile, kumzuia mtu asitoroke kwa nje na kumrudisha katikati walipo wenzao.

Nao Wafipa walikuwaje? Nguvu yao ilikuwa imegawanyika. Ukoo mmoja wa Watwa ulikuwa umezaa tawala mbili zinazogombana, Nkansi upande wa kaskazini na Lyangalile upande wa kusini. Wangoni wakaweka makao yao Mapupo, humu humu Ufipa.

Lakini tazama kilichotokea. Mapupo ndipo Zwangendaba alipofia. Hakuna adui aliyekuja kuwavunja. Walivunjika wenyewe kwa swali lile lile: nani anasimama wapi? Nani mrithi, nani msimamizi, nani amfuate nani. Jeshi lililotembea maelfu ya kilomita bila kusambaratika likagawanyika vipande. Watuta wakaelekea kaskazini. Wengine wakaenda mashariki na kusini hadi Songea. Wengine wakarudi kusini, ndio hawa wa Mpezeni walioko Zambia na wa M'mbelwa walioko Malawi. Pembe, kifua na akiba, kila kimoja kikashika njia yake.

Sasa twende kwa Waganda. Mwaka 2006 New York Giants, timu ile ile ya Landry, ilimchukua kijana wa Boston College anaitwa Mathias Kiwanuka. Alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, wazazi wake wakiwa watu wa Uganda. Alikuwa mtu wa mwisho wa mstari wa mbele, kazi yake ni kumkimbilia mtupaji mpira na kumwangusha kabla hajautupa. Alichaguliwa wa 32, mwisho wa raundi ya kwanza.

Mwaka wake wa kwanza ulimfundisha kwa ukali. Tarehe 26 Novemba 2006 Giants walikuwa wakicheza na Tennessee Titans. Waliongoza 21-0 hadi robo ya mwisho. Ikawa 21-14. Titans wakafika jaribio la nne na yadi 10 zimebaki, yaani jaribio la kufa na kupona. Kiwanuka akamshika mtupaji wao, Vince Young, akamkumbatia kabisa. Mchezo umekwisha. Halafu akamwachia! Alidhani mpira umeshatupwa, na kumwangusha mtu asiye na mpira ni adhabu. Young, mpira bado mkononi, akakimbia na kupata yadi zile. Titans wakasawazisha, wakashinda 24-21. Sekunde moja ya kuliacha pengo.

Mwaka 2007 kocha mpya wa ulinzi, Steve Spagnuolo, akamhamisha. Pembeni kulikuwa na msongamano wa majina: Michael Strahan, Osi Umenyiora, Justin Tuck. Kiwanuka akarudishwa nyuma ya mstari, akawa mmoja wa wale watatu. Kazi mpya, macho mapya, mapengo mapya. Akajifunza. Tarehe 18 Novemba 2007, kwenye mechi na Detroit, akavunjika mguu na msimu wake ukaishia hapo.

Wenzake wakaendelea. Tarehe 3 Februari 2008 Giants wakaingia fainali dhidi ya New England Patriots, timu iliyoshinda mechi zote 18 za msimu na kufunga pointi 589 kwenye mechi 16 za kawaida, karibu 37 kila mechi. Usiku ule walinzi wa Giants walimwangusha Tom Brady mara tano na kuwapa Patriots pointi 14 tu. Matokeo 17-14. Je, Giants walipaki basi? Kiwanuka mwenyewe alirudi, na Februari 2012 alikuwa uwanjani Giants walipowafunga tena Patriots, 21-17.

Pengine jina la Kiwanuka limekugutua. Naam, ndiye huyo huyo. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, kiongozi wa chama cha Democratic Party na Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, mwaka 1962, kabla ya uchaguzi wa Aprili uliomwingiza Milton Obote. Mwaka 1969 Obote alimweka kizuizini. Idi Amin alipopindua serikali Januari 1971 alimtoa, na mwaka huo huo akamteua kuwa Jaji Mkuu.

Hebu pima nafasi aliyosimama. Bunge lilikuwa limeshafungwa, Amin anatawala kwa amri. Jeshi linakamata watu. Agosti 1972 Waasia wamepewa siku 90 kuondoka. Septemba 17, wafuasi wa Obote wakavuka mpaka kutoka kwetu Tanzania kujaribu kumng'oa Amin, wakashindwa, na hofu ikazidi. Katikati ya hayo yote ikaletwa mbele ya Jaji Mkuu kesi ya Mwingereza aliyeshikiliwa na wanajeshi, Daniel Stewart. Kiwanuka akaamua kwamba jeshi halina mamlaka ya kumkamata raia namna hiyo, na mtu huyo aachiwe. Pengo lake lilikuwa ni sheria. Akasimama pale pale.

Tarehe 21 Septemba 1972 watu wa Amin walimchukua ofisini kwake, Mahakama Kuu, Kampala, mchana kweupe. Hakurudi. Waliuawa wengi Uganda miaka ile, lakini huyu alikuwa Jaji Mkuu wa nchi, alichukuliwa kwenye jengo la haki lenyewe.

Wako watakaosema alikuwa mkaidi, angeweza kukimbia kama wengine. Labda. Ila mimi nikimwangalia kwa jicho la Landry naona kitu kingine. Mlinzi mmoja akisimama vizuri kwenye pengo lake hawezi kuziba na la jirani. Uganda ya 1972 ilikuwa na mlinzi kwenye A, lakini B hakuna bunge, C hakuna vyombo huru vya habari, na wale wa nyuma kabisa wamekimbilia uhamishoni. Hakushindwa yeye, mstari ndio ulioshindwa. Na mstari huwa haukatiki siku moja. Unakatika mtu mmoja mmoja, kila anayehama akijiambia kwamba kuhama kwake hakutaleta tofauti.

Ndiyo maana sipendi neno "kupaki basi". Basi likishapakiwa halifikiri. Halijizuii kukimbilia mpira. Mlinzi anafikiri muda wote, na mara nyingi kazi yake ikifanikiwa hakuna cha kuonyesha, maana kilichotokea ni kwamba hakijatokea kitu. Mfungaji anabebwa mabegani, beki anatafuta sabuni aoge.

Mwenye hoja nyingine aje nayo, ila asije na basi.