Waliojenga juu ya lava

Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa volkano Nyiragongo ulipasuka ubavuni, lava ikashuka hadi ndani ya Goma, mashariki mwa Kongo, ikapita katikati ya mji na kuingia Ziwa Kivu. Watu zaidi ya laki tatu walikimbia, wengi wao wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Kathedrali ya Mtakatifu Yosefu iliteketea, zikabaki kuta. Hospitali waliyoianzisha daktari wa mifupa Jo Lusi na mkewe Lyn nayo ikamezwa.

Masimulizi ya majengo ya misheni huku Kivu ya Kaskazini huanza na mgeni kila mara. Wamisionari wa Kiprotestanti walifika upande wa Lubero mwishoni mwa miaka ya 1920. Udongo wa huko ni mwema kwa matofali, basi wenyeji wakafyatua, wakachoma, wakabeba kichwani, na makanisa yakasimama. Aliyechora ramani jina lake limehifadhiwa. Aliyekanyaga udongo, hata wajukuu wake hawaoneshwi tofali alilolifyatua.

Lyn Lusi hakuwa mgeni wa kupita. Alitoka Uingereza mwaka 1971 kuja kufundisha kupitia misheni ya Kibaptisti, akaolewa na Jo, akabaki. Watu wa Goma walimwita Mama Lyn. Kazi ya wawili hao mjini ilianza kama mpango wa kuwafunza madaktari vijana, ukazaa hospitali ambayo leo inaitwa HEAL Africa. Lava ilipoizika, walianza upya palepale mjini, kwa michango ya makanisa na wafadhili wa ng'ambo.

Lakini fedha hazipondi jiwe. Goma hakuna udongo wa matofali. Kuna mwamba mweusi wenye ncha kali unaochana viatu. Msingi hauchimbwi kwa jembe: ni nyundo kubwa na mtaimbo, pigo baada ya pigo. Jiwe hilo lina matundu mengi, kwa hiyo hushika saruji vizuri, na pia huinywa bila huruma. Akina mama hukaa kando ya njia wakiponda kokoto, vumbi limewajaa nyusoni. Saruji hufika kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Maji ya kuchanganyia hutoka ziwani kwa bidoni, maana mji huu uko kando ya ziwa na bado una kiu. Ndiyo sababu familia nyingi hujijengea nyumba za mbao: kuta za mawe ni za wenye uwezo, na za makanisa.

Na makanisa yana siri yao. Enzi za Rais Mobutu watu walilazimishwa kufanya salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha na kujenga. Utawala wake ulikufa, mazoea yakabaki. Parokia ikitaka darasa, waumini huja na mawe kabla hawajaja na sadaka. Hao nao ni wafanyakazi wa kujitolea, ingawa hakuna anayewapiga picha.

Sisemi mgeni asije. Daktari anayekuja kumfundisha mwenzake upasuaji huacha kitu mikononi mwa watu. Ila kijana anayesafiri kutoka Marekani kuja kupanga mawe kwa majuma mawili, nauli yake ingemlipa fundi mwashi wa Goma kwa miezi kadhaa, na ukuta ungenyooka zaidi.

Mwaka 2011 Lyn alitunukiwa tuzo ya Opus kwa kazi yake ya hospitali, hasa ya kuwatibu wanawake waliojeruhiwa na vita. Alifariki Machi 2012. Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, majeruhi walifurika hospitalini humo, na uwanja wa ndege ukafungwa. Anayetaka kujitolea kuijenga Goma na atume bei ya saruji, awalipe mafundi waliopo, kisha majina yao yaandikwe ukutani pamoja na la mfadhili.