Upinde wa Kwanza: Silaha ya Mtoto katika Historia ya Wahadzabe

Historia ya upinde katika Afrika ya Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata vita na mawindo makubwa: mishale iliyowalaki Wareno walipoivamia Mombasa mwaka 1505, misafara ya Wakamba iliyobeba pembe kwenda pwani, na Waata wa nyika ya Tsavo waliomwangusha tembo kwa mshale wa sumu. Katika maandishi hayo mpiga upinde hutokea akiwa mtu mzima ambaye mkono wake umekwisha kukomaa, kana kwamba ustadi huo humwotea mtu pamoja na ndevu. Upinde unaosahauliwa ni ule mdogo uliotangulia, ambao baba huukata kichakani kwa muda mfupi na kumkabidhi mtoto ambaye bado hajui kutamka majina ya wanyama wote. Lakini bila upinde huo mdogo, ule mkubwa usingekuwapo, na hakuna mahali panapodhihirisha jambo hilo kuliko kingo za Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, kwa Wahadzabe.

Wahadzabe ni watu wachache, zaidi kidogo ya elfu moja, wanaoishi kulizunguka ziwa hilo na katika Bonde la Yaeda, na ambao sehemu yao wameendelea hadi sasa kuishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Lugha yao ina sauti za kupiga kidoko kwa ulimi, na wataalamu hawajaithibitishia undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Mwanajiografia Mjerumani Erich Obst alifika kwao mwaka 1911, Ludwig Kohl-Larsen akafuata katika miaka ya 1930, na kuanzia mwaka 1958 Mwingereza James Woodburn alikaa nao kwa vipindi virefu, akaandika kwa makini juu ya vifaa vyao vya kila siku. Baadaye Mmarekani Frank Marlowe, ambaye kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 2010, alieleza kwamba mtoto wa kiume hupata upinde wake wa kwanza akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, na kwamba tangu siku hiyo hapitishi siku nyingi bila kulenga kitu.

Jina lenyewe la Kiswahili linaeleza namna kifaa kinavyofanya kazi, kwa kuwa upinde ni kitu kilichopindwa, ingawa Kiswahili cha zamani kilikuwa pia na neno uta, ambalo wingi wake ni mata. Kamba ya upinde huitwa ugwe, au upote ikiwa imetengenezwa kwa kano za mnyama. Mti wa mshale huitwa wano, na ncha yake ya chuma huitwa chembe au kigumba. Inafaa kuyataja maneno haya kwa sababu mengi yanapotea midomoni mwa wasemaji wa mijini, na lugha ikishapoteza jina la sehemu ya kifaa, ni vigumu kueleza kifaa hicho kilivyotengenezwa.

Ubao au tawi linapopindwa, upande wa nje, ambao unaweza kuitwa mgongo wa upinde, huvutika, na upande wa ndani unaomwelekea mpigaji, yaani tumbo lake, hubanwa. Nguvu inayolimbikizwa katika mvutano huo ndiyo inayorushwa pamoja na mshale. Kwa hiyo mti unaofaa ni ule ambao nyuzi zake ni ndefu, zimenyooka na hazikatiki upesi. Wahadzabe hupendelea, miongoni mwa miti mingine, jamii ya mikole, ambayo ni vichaka vya nchi kavu vyenye matunda madogo matamu. Hivyo kichaka kinachomlisha mtoto matunda msimu wa mavuno yake ndicho hicho hicho kinachompatia silaha. Kwa mtu mzima huchaguliwa ufito mnene, ambao hatimaye hutoa upinde unaokaribia au kupita kimo cha mwenyewe na unaohitaji mvuto wa kilo 30 hivi, mzigo ambao mtu asiyezoea hawezi kuuvuta hadi mwisho. Kwa mtoto hutosha tawi lenye unene wa kidole cha mtu mzima, bila vifundo wala matawi ya pembeni, kwa maana kila kifundo ni mahali ambapo mti unaweza kuvunjika.

Kazi inayofuata haihitaji zaidi ya kisu, moto na subira. Gome huchunwa, na tawi, ambalo kwa kawaida ni nene upande wa shina na jembamba upande wa kilele, hupunguzwa upande mnene mpaka ncha zote mbili zilingane, kwa sababu upinde usiolingana hupinda upande mmoja tu, na hapo ndipo unapovunjikia. Anayechonga huukunja mara kwa mara juu ya goti lake, akitazama mahali pagumu, kisha hurudisha kisu hapo na kuondoa ganda jembamba tu, maana kilichokwisha kukwanguliwa hakirudishiki. Palipo na kombo hupashwa moto kwenye majivu hadi mti ulegee, ukanyooshwa kwa mikono au kwa kubanwa kwenye panda ya mti. Nyano za mishale nazo hupashwa moto vivyo hivyo, lakini hizo hunyooshwa kwa meno: mchongaji huuma mahali palipopinda, huvuta kidogo, hufumba jicho moja na kutazama urefu wa wano kama atazamaye njia, kisha huuma tena. Mtoto aliyekaa pembeni huyaona haya yote mamia ya mara kabla hajapewa kisu, na kuyaona huko ndiko kunakomfundisha, kwa kuwa kwa Wahadzabe mtu mzima hamketishi mtoto chini ili ampe somo.

Kuna hesabu moja ambayo mafundi wa upinde wa mti mtupu huifuata hata bila kuitamka, nayo ni kwamba urefu wa upinde usipungue mara mbili ya urefu ambao mshale huvutwa. Mtoto mdogo ambaye mkono wake huvuta sentimita 40 anahitaji upinde wa karibu mita moja, ukiwa laini kiasi cha yeye kuuvuta hadi mwisho bila kutetemeka. Upinde mgumu kupita nguvu zake humzoeza kuachia kabla ya kulenga, na kosa hilo huweza kumkaa miaka mingi. Hapa ndipo busara ya baba inapoonekana: haukati upinde wa mtoto kwa kupunguza tu ule wake, bali huukata kwa kipimo cha mkono mwingine.

Mishale ya mtoto haina chuma wala sumu. Huchongwa ncha ya mti huo huo, na mara nyingi hutiwa manyoya ya ndege mkiani ili isiyumbe. Mishale ya watu wazima kwa wanyama wakubwa ni jambo tofauti kabisa, kwa kuwa huwa na vichwa vya chuma, ambacho Wahadzabe walikipata kwa kubadilishana na majirani Wadatoga na Wanyisanzu au kwa kuponda misumari, tena hupakwa sumu iliyopikwa kutokana na mimea. Kati ya mishale hii miwili ndipo ulipo utoto wote wa mvulana wa Kihadzabe. Huanza kwa kulenga vitu visivyokimbia, huendelea na mijusi na ndege, kisha pimbi walio majabalini, na kile anachokiua hukichoma na kukila pamoja na wenzake, hivyo mazoezi yake ni chakula tangu mwanzo. Wasichana hawapewi upinde. Wao huanza mapema kutumia mti wa kuchimbia mizizi, na ni haki kusema kwamba kambi imeutegemea mti huo kwa mlo wa kila siku angalau sawa na ilivyoutegemea upinde.

Woodburn aliona jambo ambalo linafafanua thamani ya upinde kuliko maelezo mengi. Wanaume wa Kihadzabe wana mchezo wa bahati uitwao lukuchuko, ambao huchezwa kwa kurusha vipande vya magome, na ndani yake mishale ya chuma, visu na vitu vingi vingine huhama kutoka mkono hadi mkono. Hata hivyo upinde wa mwenyewe, mishale yake ya ncha za mti na mkoba wake wa ngozi havitiwi katika mchezo. Kwa maneno mengine, chuma cha kununuliwa chaweza kupotezwa kwa usiku mmoja, lakini hakuna anayeweza kunyang'anywa kile kinachomwezesha kuishi, na kile ambacho kichaka humpa kila mtu bure. Mtoto aliyepewa upinde ameingizwa katika usawa huo kabla hajaweza kuueleza.

Ukale wa desturi hii hauwezi kupimwa kwa mbao zenyewe, kwani mti huoza. Katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, ambalo akina Kohl-Larsen walilichimba katika miaka ya 1930, yamepatikana mawe madogo yaliyochongwa, na baadhi ya wataalamu wanaona kwamba mawe ya namna hiyo, huko na kwingineko Afrika, yalifungwa kwenye nyano za mishale. Mshale wa mtoto, usio na jiwe wala chuma, hauachi hata alama hiyo. Wanahistoria wanapaswa kulikumbuka hilo wanapohesabu kilichobaki, kwa maana sehemu iliyokuwa chuo cha kazi nzima ndiyo iliyooza yote.

Mnyororo huo wa baba kumkatia mtoto upinde umekatika kwingine. Wajerumani walitoa amri ya kudhibiti uwindaji tangu mwaka 1896, na nchini Kenya operesheni za miaka ya 1950 dhidi ya ujangili katika Tsavo ziliwatia gerezani wawindaji wengi wa Kiwaata, ambao pinde zao husimuliwa kuwa miongoni mwa zile nzito kuliko zote barani. Mtoto ambaye baba yake yuko kifungoni hana wa kumkatia upinde. Kwa Wahadzabe pigo lilikuja polepole zaidi: jitihada za serikali za kuwakalisha vijijini katikati ya miaka ya 1960, mashamba na mifugo iliyozidi kuingia nchini mwao, na shule za bweni ambazo huwachukua watoto katika miaka ile ile ya kujifunza kulenga. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati za haki ya kimila juu ya zaidi ya hekta 20,000 za ardhi, hatua kubwa kwa watu ambao kwa miongo mingi walihesabiwa kana kwamba hawana mahali.

Kilicholindwa kwa hati hizo ni pamoja na vichaka vya mikole. Upinde unaomfaa mtoto leo haumfai tena baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa kuwa mkono wake umerefuka na nguvu zake zimeongezeka; ule wa zamani hurithiwa na mdogo wake au huishia motoni, na mtu huingia tena kichakani na kisu kutafuta tawi nene kidogo kuliko la kwanza.