Ukoo wa Alou wa Haina

Asili yao ni Haina, mji wa bandari jirani na Santo Domingo, katika Jamhuri ya Dominika. Baba, José Rojas, alikuwa seremala na mhunzi. Mama, Virginia Alou. Huko mtoto hubeba jina la baba, kisha la mama. Basi kifunguamimba wao, aliyezaliwa 1935, ni Felipe Rojas Alou. Wamarekani walishika jina la mwisho, wadogo zake wakaitwa hivyohivyo, na ukoo ukavuma kwa jina la Virginia.

Felipe alikuwa akisomea udaktari. Mwaka 1955 alikwenda Mexico City kurusha mkuki katika Michezo ya Mataifa ya Amerika, akahamishiwa timu ya besiboli, wakarudi na dhahabu. Mwaka huohuo alitia saini mkataba na Giants, timu ya ligi kuu ya Marekani, kwa dola 200, akaacha masomo. Alianzia Louisiana mwaka 1956, lakini ubaguzi wa huko haukumruhusu mtu mweusi kucheza na wazungu, akapelekwa Cocoa, Florida. Kijana mgeni, Kiingereza hakijui, akawapita wapigaji wote wa ligi ile. Miaka miwili baadaye alikuwa San Francisco na Giants, katika ligi kuu.

Mdogo wake Matty alimfuata 1960, na mdogo wao Jesús 1963. Tarehe 10 Septemba 1963, New York, ndugu hao watatu walishika gongo mmoja baada ya mwingine katika zamu moja ya timu yao. Wote watatu walitolewa. Hilo halipunguzi chochote: ligi kuu haikuwahi kuona jambo kama hilo. Siku tano baadaye, Pittsburgh, walisimama pamoja katika nafasi zote tatu za nyuma ya uwanja, kulia, kati na kushoto. Msimu ulipokwisha Felipe alihamishiwa Milwaukee.

Mwaka 1966 Matty, akiwa Pittsburgh, aliongoza wapigaji wa Ligi ya Taifa, moja ya mbili zinazounda ligi kuu, kwa wastani wa .342, yaani alifanikiwa zaidi ya mara 34 katika kila majaribio 100. Wa pili alikuwa Felipe.

Mimi navutiwa zaidi na Montreal. Mwaka 1992 Felipe alikabidhiwa timu ya huko, Expos, Mdominika wa kwanza kuwa kocha mkuu katika ligi kuu, na kikosini akamkuta Moisés, mwanawe wa kumzaa, aliyezoea kupiga bila glovu. Ilipofika Agosti 1994 Expos walikuwa wameshinda mechi 74 na kupoteza 40, rekodi bora kuliko timu yoyote. Ndipo wachezaji wa ligi nzima wakagoma, na fainali za mwaka huo zikafutwa. Felipe alichaguliwa kocha bora wa Ligi ya Taifa. Naamini baba na mwana walinyang'anywa kombe lililokuwa haki yao. Moisés alilipata 1997 akiwa na Florida Marlins, bila baba yake.

Matty alifariki 2011, Jesús 2023. Mwana mwingine wa Felipe, Luis, hutumia jina la babu yake, Rojas. Aliiongoza New York Mets mwaka 2020 na 2021, kisha akahamia Yankees kuwa msaidizi wa kocha mkuu.