Kamba kwanza, shimo baadaye: Jinsi ya kumtoa mtu kwenye karo au kisima bila kufa naye

Fundi ameshuka kwenye karo la maji taka kwenda kuzibua. Dakika mbili zinapita, anaitwa, haitikii. Mwenzake anachungulia, anamwona amelala, anashuka mbio kumfuata. Naye hapandi tena. Wa tatu anaanza kuvua viatu.

Ajali za namna hii zinafanana kila mahali. Mwaka 1986, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, ilionya kwamba zaidi ya asilimia 60 ya vifo vya kwenye mashimo, matangi na sehemu nyingine zilizofungika vilikuwa vya watu walioingia kuokoa wenzao.

Ndiyo maana vifaa vya uokoaji havitakiwi kukaa stoo vikisubiri ajali. Vinafungwa na kuvaliwa kabla mtu wa kwanza hajashuka.

Kwa nini mtu anazimika ghafla?

Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka chini ya 19.5, haifai kuingia bila mtungi wa hewa. Ikifika 10 au chini ya hapo, mtu anaweza kupoteza fahamu kabla hajajua kuna shida.

Kwenye karo kuna pia gesi ya salfaidi ya hidrojeni, ile yenye harufu ya yai bovu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatuama chini. Hatari yake kubwa ni kwamba ikifika kiasi cha sehemu 100 kwa kila milioni ya hewa, inaanza kuua uwezo wa pua kunusa. Fundi anadhani harufu imeisha, kumbe gesi imezidi.

Kisimani napo si salama. Hewa ukaa inaweza kutuama chini, na ukiweka pampu ya petroli mdomoni mwa kisima au ndani yake, moshi unajaza shimo lote.

Mtindo wa kushusha mshumaa au kibatari kupima hewa uachwe. Moto hauonyeshi gesi ya sumu, na karo likiwa na methani linaweza kulipuka.

Vifaa vinavyotakiwa

• Kipima gesi. Kijaribiwe kila siku kabla ya kazi. Hewa ipimwe juu, katikati na chini, na kila mara subiri namba zitulie. Kwanza oksijeni, kisha gesi za kulipuka, halafu za sumu. Kipimo kiendelee muda wote mtu yuko chini, kwa sababu kukoroga tope kunaachia gesi upya.

• Feni ya kupuliza hewa safi. Bomba lake lifike karibu na chini ya shimo. Usipulize oksijeni ya mtungi. Ikizidi, hata cheche ndogo inawasha nguo.

• Mkanda wa mwili mzima. Unashika mabega, kifua na mapaja. Kamba ifungwe kwenye pete ya mgongoni, kati ya mabega, ili mtu aliyezimia apande akiwa wima na apite mdomo mwembamba wa shimo. Mkanda wa kiunoni haufai: unambana tumbo na kumkunja, na anaweza kuchomoka.

• Stendi ya miguu mitatu na winchi. Winchi iwe ya kunyanyulia watu, si ya kuvutia gari. Mtu aliyezimia ni mzito, na mikono ya watu wawili mara nyingi haitoshi kumtoa shimo refu.

• Mtungi wa hewa na barakoa ya uso mzima. Barakoa ya chujio haitengenezi oksijeni, hivyo kwenye shimo lisilo na hewa haisaidii kitu. Ndevu zinaachia mwanya wa gesi kupenya. Mtungi wa dakika 30 unaweza kuisha mapema kwa mtu anayehema kwa kazi nzito, kwa hiyo kengele ya hewa ikilia, mtu apande hapo hapo.

Kamba na mikanda vikaguliwe kila mara kabla ya kutumika. Yenye mkato, alama ya kuungua au kemikali, au iliyowahi kudaka mtu anayeanguka, itolewe kazini.

Mlinzi wa shimo hashuki

Juu lazima abaki mtu mmoja mwenye kazi moja tu: kumwangalia aliye chini. Asitumwe maji, asichati kwenye simu. Wakubaliane ishara za kamba na sauti kabla ya kuanza.

Aliye chini akikosa kujibu, mlinzi hana haja ya kuuliza mara tatu. Anazungusha winchi na kuita msaada. Kwa kuwa kamba tayari imefungwa, mtu anatolewa bila mwingine kushuka.

Kama ameanguka na hakuna kamba

Hapa ndipo moyo unamsukuma mtu kuruka. Asiruke. Afanye hivi:

1. Apige simu ya zimamoto na uokoaji: 114 Tanzania, 999 Kenya. Aseme wazi kwamba mtu amezimia shimoni, ili waje na mitungi ya hewa.
2. Azuie watu wengine wasishuke, hata ndugu.
3. Azime injini na moto wowote karibu na shimo.
4. Apulize hewa safi kama feni ipo. Kama aliye chini bado ana fahamu, amtupie kamba yenye kitanzi.

Akishatolewa, alazwe kwenye hewa safi mbali na shimo. Kama hapumui, akandamizwe kifua katikati kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Kumpulizia hewa mdomo kwa mdomo kuepukwe kama alivuta gesi ya sumu.

Wajibu wa bosi, haki ya mfanyakazi

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote zinamtwisha mwajiri jukumu la kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Kununua stendi na kuiacha kwenye boksi hakutoshi. Timu ifanye zoezi la kumtoa mtu angalau mara moja kwa mwaka, kwa kutumia mwanasesere mzito, mpaka kila mmoja ajue winchi inazungushwaje.

Kwa kibarua aliyeitwa kuzibua karo la nyumba chap chap, swali la kuuliza kabla ya kukanyaga ngazi ni moja: nikizimia huko chini, nani atanitoa, na kwa kifaa gani? Kama jibu ni "tutaona", asishuke. Gari la kunyonya maji taka linaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila mtu kuingia ndani.