Swema, Binti Aliyefukuliwa Unguja

Sisi tunaosali Minara Miwili, na hata tunaopita tu hapo tukienda Darajani, tumesikia mengi kuhusu soko la watumwa la Mkunazini lililofungwa mwaka 1873. Habari za Swema hazisimuliwi sana, nazo zinatuhusu sisi wanawake kuliko nyingi.

Swema alikuwa binti wa Kiyao kutoka bara, upande wa Msumbiji ya leo. Baba yake alifariki, shida zikaingia nyumbani, mama akakopa. Deni lilipomshinda, mdai alimchukua mtoto akamuuza kwa msafara wa watumwa uliokuwa ukielekea pwani. Mama hakukubali kubaki nyuma. Aliomba afuatane na msafara huo huo, abebe mzigo, mradi awe karibu na mwanawe. Njiani akaishiwa nguvu. Wakamwacha hapo hapo, na Swema akaburutwa aendelee na safari.

Akafikishwa Kilwa, akapakiwa jahazini, akaletwa Unguja. Alipofika alikuwa mifupa mitupu, hauziki tena. Wakamviringisha katika mkeka wakamfukia kwenye kaburi la kina kifupi, naye bado anapumua. Kijana mmoja wa kutoka kisiwa cha Réunion alisikia sauti, akafukua mchanga, akambeba mpaka misheni ya Kikatoliki. Misheni yenyewe ilikuwa changa, imeanza mwaka 1860, na masista waliotoka huko huko Réunion ndio waliokuwa wakiuguza wagonjwa. Walimlisha, wakamtibu, wakamfundisha sala.

Wengi wangeishia hapo na kusema neema imetenda kazi, mtoto ametoka kaburini. Lakini Swema mwenyewe alikuwa ametoka na chuki yake nzima, na nani angemlaumu? Siku moja aliletwa misheni mtu aliyejeruhiwa. Swema, aliyekuwa akimsaidia sista kufunga vidonda, alimtambua. Alikuwa mtu wa msafara ule uliomwacha mama yake porini.

Alitetemeka. Hakutaka kumgusa. Sista alimwomba asamehe, na binti yule alipigana na moyo wake kabla hajaweza. Akasali, akarudi, akahudumia kidonda. Baada ya hapo ndipo akabatizwa.

Tukiri jambo moja. Habari hizi zilitufikia kwa kalamu ya mapadre, zikachapishwa Paris mwaka 1870 kwa ajili ya wasomaji wa Ufaransa waliotarajiwa kuichangia misheni. Inawezekana maneno mengine yalinolewa ili yawaguse wafadhili. Hata hivyo yule mama aliyefuata msafara kwa hiari yake, na yule mtoto aliyekataa kwanza kumgusa mgonjwa, hawafanani na watu wa kubuniwa.

Nasi tunaitazama sana picha ya pale kitandani, kwa sababu wanawake huambiwa "samehe tu" kwa wepesi mno, na mara nyingi na mtu asiyejua kilichotendeka. Swema hakuambiwa arudi kwa mtu yule. Hakuambiwa kwamba kumwacha mama yake lilikuwa jambo dogo. Mtu yule alikuwa amelala, hana nguvu. Swema alikuwa amesimama, huru, na maji na vitambaa viko mikononi mwake. Angeweza kuondoka. Ezekieli 36 inazungumzia moyo wa jiwe unaoondolewa na Mungu mwenyewe, na sisi tunaelewa kwamba kuna msamaha ambao nguvu za mtu peke yake hazifiki. Sista aliomba tu. Nguvu ya kurudi pale kitandani haikutoka kwa sista, wala kwa Swema ambaye dakika chache kabla alikuwa anatetemeka.

Chuki haikuyeyuka kwa mara moja, hata kitabu chenyewe hakidai hivyo. Na mama yake hakupata kaburi. Tunapowaombea marehemu wetu mwezi wa Novemba, huwa tunamtaja naye pia, ingawa jina lake hatulijui: mama yake Swema.